Fungu, Mgao na Ukomo: Historia ya Lugha ya Mipaka ya Rasilimali, kutoka Hazina hadi Kiini cha Mfumo Endeshi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya msamiati wa Kiswahili unaotaja mipaka ya matumizi ya rasilimali, kuanzia vitabu vya hesabu vya Serikali na foleni za mgao hadi kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Hoja yake ni kwamba, wakati uundaji wa istilahi za kompyuta uliposhika kasi mwaka 2004, Kiswahili cha Tanzania kilikuwa tayari na rejesta iliyokomaa ya kutaja nani amepewa nini, kwa kiasi gani na kwa masharti gani. Rejesta hiyo ilipitwa kwa sababu waundaji wa istilahi walilazimika kutazama skrini kabla ya kutazama kiini. Hali ya lugha ya Gehandu, katika Mbulu na Hanang, inatumiwa kupimia istilahi ambazo mzungumzaji asiye na lugha mama ya Kibantu anaweza kuzishika bila kupitia Kiingereza.

1. Utangulizi

Mtu aliyeko Gehandu, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, akiwa na simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, hukutana na jambo ambalo ni vigumu kulitaja. Anasoma ujumbe, anaanza kuujibu, anafungua ramani, anapiga picha. Akirudi kwenye ujumbe anakuta programu imefungika na alichokuwa akiandika kimepotea. Hakuifunga yeye. Simu nyingi za aina hiyo huendeshwa na Android, na chini ya Android mna Linux. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, ambayo makala haya yataiita kiini, ndiyo inayohesabu kumbukumbu iliyobaki. Ikishindwa kutosheleza wote, mfumo huchagua nani atolewe. Huo ni uamuzi wa mgao, na kila uamuzi wa mgao una historia ya maneno yake.

Gehandu imechaguliwa kwa sababu ya kiisimu. Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambamo makundi manne ya lugha yasiyo na undugu wa karibu yanakaa ujirani: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kinyiramba na Kinyaturu ni za Kibantu, na Kihadza, kinachozungumzwa upande wa bonde la Yaeda na ziwa Eyasi, hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Mtoto wa Kiiraqw anapojifunza Kiswahili shuleni, neno kama mchakato halimfunulii maana kwa muundo wake, kwani lugha ya nyumbani haina kiambishi awali wala kitenzi chenye asili moja nalo. Hali ni tofauti kwa neno fungu. Hilo analijua kwa sababu ametumwa mnadani kununua fungu la nyanya, na anajua kwamba fungu ni kiasi kilichokwisha kutengwa: hupunguziwi wala huchagui zaidi ya lililo mbele yako.

Kwa hiyo swali la makala haya ni la kihistoria kabla ya kuwa la kiistilahi. Je, Kiswahili kimejifunza wapi kusema kwamba kitu ni cha wote lakini kila mmoja ana kiasi chake? Na ni kwa nini elimu hiyo haikufika kwenye kompyuta?

2. Mashine ya Hazina, 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza Tanzania Bara ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba. Jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine lilishindwa, kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani, na mwaka huohuo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyohusiana nazo. Mgaya (1994), ambaye simulizi lake la kipindi hiki ndilo linalorejelewa zaidi, analieleza jambo hili kama suala la uhaba wa utaalamu na maandalizi. Tafsiri hiyo haina kasoro kubwa. Lakini mwanahistoria wa lugha ana haki ya kusimama mbele ya jengo lilelile na kuuliza jambo jingine.

Miaka hiyo ndiyo ambayo Kiswahili kilikuwa kikifanywa lugha ya dola. Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka huohuo. Fedha za umma ni miongoni mwa maeneo ya mwanzo ambayo lugha hiyo ililazimika kuyamudu kwa usahihi, kwa kuwa mbunge akitumia neno lililolegea anaweza kuidhinisha asichokusudia. Ndipo ilipokomaa seti ya maneno ambayo leo msomaji wa kitabu cha bajeti huyapita bila kuyatafakari. Fungu likapanda kutoka sokoni hadi kuwa kundi kubwa la fedha ambalo Bunge hulipigia kura. Ndani yake kukawa na kasma, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kugawanya. Salio likaitwa bakaa. Ofisa anayewajibika kwa fungu akaitwa afisa masuuli, yaani mwenye kuulizwa. Kiwango ambacho wizara huambiwa isikivuke hata kabla ya kuandaa makadirio kikaitwa ukomo wa bajeti.

Maneno haya hayana mapambo, nayo hayaingiliani. Fedha zikiidhinishwa si kwamba zimetolewa. Zikitolewa si kwamba zimetumika. Zikibaki katika kasma moja haziruki zenyewe kwenda fungu jingine; panahitajika mamlaka. Mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30, bakaa ina kanuni zake. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya halmashauri, Mbulu au kwingineko, anajua tofauti hizi kwa uchungu, hasa ile ya kwanza: makadirio yameidhinishwa, miradi imepangwa, na fedha hazijaja.

Mashine iliyokuwa ndani ya jengo hilohilo haikuijua hata tofauti moja kwa majina hayo. Maagizo yake yalikuwa ya Kiingereza, na watu waliosimamia lugha ya bajeti hawakuwa na sababu ya kuitazama. Baada ya marufuku, hakukuwa tena na cha kutazama.

3. Kiini hugawa nini

Inafaa hapa kueleza kiini hufanya nini, kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili ni watu wa lugha na fasihi. Kompyuta ina kichakatio ambacho kwa wakati mmoja hutekeleza kazi chache mno, ina kumbukumbu yenye kiasi maalumu, na ina diski. Programu inapoendeshwa huwa mchakato. Kitenzi kuchakata ni cha kiwandani. Ndicho tunachokitumia kwa mkonge na korosho. Michakato inaweza kuwa mamia kwa wakati mmoja, na kila mmoja umeandikwa kana kwamba mashine yote ni yake. Kiini ndicho kinachoitunza njozi hiyo: hukipa kila kimoja zamu ya kichakatio kwa sehemu ndogo ya sekunde, hukiazima kumbukumbu, hukifungulia faili, na hukinyima kinapozidi.

Nimetumia kitenzi kuazima kwa makusudi. Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa: unaazima jembe, unalirudisha jembe lilelile, unakopa kibaba cha unga, unarudisha unga mwingine. Rasilimali za kiini hugawanyika vivyo hivyo. Kumbukumbu na faili huazimwa, na mchakato ukifa hurejea zote. Muda wa kichakatio haurejei, ukishatumika umelika. Neno rasilimali lenyewe halina tofauti hii, na historia yake inaeleza sababu. Linatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, na kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zinalieleza kama mtaji wa mfanyabiashara. Lilipopanuliwa kuwa jina la misitu, madini na hata watu, lilibeba dhana ya mtaji unaoweza kuzaa. Kumbukumbu ya kompyuta haizai.

Unix ulizaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika zama ambazo watu wengi walitumia mashine moja kwa pamoja. Hatua muhimu kwa historia yetu ilikuja mwaka 1983, pale toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilipoleta agizo liitwalo setrlimit. Kwa agizo hilo kila mchakato uliweza kuwekewa mipaka miwili kwa kila rasilimali. Kwa Kiingereza mpaka wa kwanza huitwa laini na wa pili huitwa mgumu. Ule wa kwanza ndio unaofanya kazi kila siku. Mchakato wenyewe unaweza kuupandisha au kuushusha, mradi usiuvuke wa pili. Ule wa pili unaweza kushushwa na yeyote anayehusika, lakini ukishashushwa hapandishi tena isipokuwa msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa muda wa kichakatio, mchakato ukifika mpaka wa kwanza hupelekewa ishara ya onyo. Ukiendelea hadi wa pili huuawa. Toleo hilohilo lilikuwa na mipaka ya nafasi ya diski, kazi ya Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, ambamo mtumiaji aliyevuka mpaka wa kwanza huonywa na kupewa muda wa kujirekebisha.

Mtafsiri akikutana na mambo haya bila historia ya lugha yake ataandika ukomo laini na ukomo mgumu, na hatakuwa amesema kitu. Kwa Kiswahili ulaini ni sifa ya kitambaa, ya chakula, ya maneno ya mtu. Haiambatani na mpaka. Afisa bajeti asingepata shida. Kwake kuna kiwango kilichopangwa, ambacho fungu linaweza kujirekebishia ndani yake, na kuna ukomo, ambao haupandishwi na aliyepangiwa bali na aliyempangia. Uhusiano wa kimamlaka, ambao ndio kiini cha dhana (samahani kwa kulirudia neno), umo ndani ya ukomo wa Hazina, wala haumo katika ugumu.

Sifa nyingine ya kiini inaeleweka kwa urahisi zaidi Tanzania kuliko mahali ilikobuniwa. Linux, uliotolewa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, kwa kawaida hukubali maombi ya kumbukumbu kuliko kumbukumbu iliyopo, kwa matumaini kwamba walioomba hawatatumia yote kwa wakati mmoja. Matumaini yakivunjika, kiini humtafuta mchakato wa kuua ili wengine waishi. Wanafunzi hushangaa: iweje kiini kiahidi kisichonacho? Kwa msomaji wa bajeti hilo ni jambo la kila mwaka, ndiyo tofauti ya kuidhinisha na kutoa. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha mwaka 1996 utaratibu wa kutumia kwa kadiri ya fedha taslimu zilizokusanywa, ilifanya kile ambacho msimamizi wa Linux hufanya anapokizuia kiini kisiahidi kupita uwezo wake. Faida ya utaratibu huo na hasara yake ni zilezile pande zote mbili: hakuna anayeuawa ghafla, na wengi wanakataliwa mapema ingawa pengine fedha, au kumbukumbu, ingetosha.

4. Kuhesabu kwa kichwa

Mwaka 1983 una kumbukumbu nyingine kwa Watanzania. Ndio mwaka wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kilele cha miaka ambayo sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa vilikuwa bidhaa adimu. Mgao ndio uliokuwa neno la zama hizo, pamoja na foleni na kibali. Bidhaa zilishuka kupitia kampuni za biashara za mikoa, zikafika wilayani, kisha vijijini, na mahali pengi mgawanyo wa mwisho ulimpitia balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa katika muundo ambao TANU iliuasisi katikati ya miaka ya 1960. Mpangilio huo ulikuwa na kasoro nyingi, na si kazi ya makala haya kuutetea. Kilugha, hata hivyo, ulifundisha jambo moja kwa ukamilifu: kiasi hupewa kundi kwanza, kisha hugawanywa ndani ya kundi, na kundi dogo haliwezi kugawa zaidi ya lilichopewa na kundi kubwa lililo juu yake.

Hilo ndilo ambalo agizo la setrlimit halikulijua. Mipaka yake mingi ilihesabiwa kwa mchakato mmoja mmoja. Mchakato unaweza kuzaa mwingine, na mwana hupokea nakala ya mipaka ya mzazi. Vitabu husema anairithi, lakini kwetu urithi huja baada ya kifo, ilhali hapa mzazi yu hai na mipaka yake haijapungua hata chembe. Mzazi aliyeruhusiwa kiasi fulani cha kumbukumbu akizaa wana kumi, ukoo mzima una ruhusa mara kumi na moja. Kila mmoja yuko ndani ya sheria. Mashine ndiyo inayoanguka. Ilibidi paongezwe mpaka wa idadi ya michakato kwa kila mtumiaji, lakini kiraka hicho kiliziba tundu moja tu.

Tatizo hili lina sura ambayo watu wa Hanang walikwisha kuijua kwa gharama kubwa. Mwaka 1968 Garrett Hardin alichapisha insha mashuhuri akidai kwamba malisho ya pamoja lazima yaangamie, kwani kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi na hasara itawaangukia wote. Hardin alihesabu kwa kichwa. Hakuweka kundi lolote kati ya mchungaji mmoja na malisho yote. Charles Lane, aliyefanya utafiti wa miaka kadhaa miongoni mwa Wabarbaig wa Hanang na kuchapisha matokeo katika kitabu cha mwaka 1996, alionyesha mpangilio usiofanana na huo hata kidogo. Malisho yao yalikuwa ya aina mbalimbali na yalitumiwa kwa zamu kulingana na majira. Sehemu bora zaidi, mabonde yaitwayo muhajega, hayakukaliwa mwaka mzima. Na mikutano ya jamii ilikuwa na uwezo wa kumwadhibu aliyekiuka. Mpaka uliwekwa juu ya kundi na juu ya majira. Idadi ya ng'ombe wa mtu mmoja haikuwa msingi wake.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua ekari zinazokaribia 100,000 katika nyanda hizo, zikiwemo sehemu kubwa za muhajega. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa shirika. Sehemu ya mjadala ilihusu nani hasa mwenye haki, baraza la kijiji au mtu mmoja mmoja anayeweza kuthibitisha yeye ni nani na alitumia nini. Sheria ilipohesabu kwa kichwa, haki ya kundi iliyokuwa ikiendesha zamu za malisho haikuonekana. Silinganishi mateso ya watu na kuanguka kwa mashine. Ninalosema ni dogo zaidi: kama anayehesabu hana neno la kundi, basi kundi halimo katika hesabu.

Kiini kilipata neno hilo kwa kuchelewa. Mwaka 2006 wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza kazi ya kuyakusanya michakato katika makundi yenye mipaka ya pamoja. Kazi hiyo iliingia katika Linux kwa toleo la 2.6.24, Januari 2008, kwa jina la cgroups, yaani makundi ya udhibiti. Toleo lake la pili, lenye mti mmoja wa makundi, lilikamilishwa rasmi mwaka 2016. Katika mti huo kila kundi lina mpaka wake, na kundi lililo ndani ya jingine haliwezi kutumia zaidi ya kile ambacho la juu linaruhusu, hata kama limeandikiwa zaidi. Mchakato ukizaa, mwana huzaliwa ndani ya kundi lilelile na hula kutoka chungu kilekile. Aliyeishi zama za balozi wa nyumba kumi haitaji mchoro.

5. Skrini ya mwaka 2004

Kati ya matukio hayo ndipo panapopatikana harakati za istilahi. Marufuku ya kompyuta ilikuwa imelegea hatua kwa hatua na kisha kutoweka. Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ikapitishwa mwaka 2003. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ukatoa Jambo OpenOffice Desemba 2004. Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows mwaka 2005. Mjadala wa kitaaluma uliofuata ulihusu zaidi majina ya vitu vinavyoonekana: kama ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, kama mshale wa skrini unaongozwa na kipanya au puku, kama faili inafaa kubaki faili.

Si haki kuwalaumu waliofanya kazi hiyo. Programu ya ofisi ina maelfu ya maneno ya menyu na visanduku, na mtumiaji wa kawaida ndiye aliyestahili kuhudumiwa kwanza. Lakini uchaguzi huo ulikuwa na matokeo. Istilahi ziliundwa kutokana na kile ambacho skrini inaonyesha, na skrini haionyeshi mgao. Mipaka ya rasilimali hujitokeza tu pale inapovunjwa, kwa sentensi fupi ambazo huandikiwa mhandisi: faili zilizofunguliwa zimezidi, kumbukumbu haikupatikana, mchakato umeuawa. Sentensi hizo hazikuwa sehemu ya kazi ya kutafsiri programu ya ofisi, na kwa sababu hiyo maneno ukomo, mpaka, kikomo, kiwango na kizuizi yaliachwa yakizunguka kama visawe.

Si visawe. Mpaka ni mstari kati ya pande mbili, na pande zote mbili zipo. Ndiyo maana tunasema mpaka wa Tanzania na Kenya. Kikomo ni pale kitu kinapoishia, kama kikomo cha reli. Kizuizi huwekwa njiani na mtu mwingine. Kiwango ni alama katika kipimo, na hakikatazi chochote chenyewe. Ukomo, kwa matumizi yake ya kibajeti, una mambo matatu kwa pamoja: aliyepangiwa, aliyepanga, na kiasi. Neno moja tu katika orodha hiyo linabeba uhusiano ambao agizo la mwaka 1983 linauhitaji.

Wakati huohuo kompyuta ilikuwa imekwisha kurudi Hazina. Kuanzia mwaka 1998 mfumo wa pamoja wa usimamizi wa fedha, uliojengwa juu ya programu ya Epicor, ulianza kukataa hati ya ununuzi ambayo kasma yake haina fedha. Karani hakuhitaji kumkumbusha afisa masuuli kwamba amevuka, mashine ilikataa. Baadaye mfumo huo ulirithiwa na mwingine ambao jina lake, MUSE, ni ufupisho wa maneno ya Kiswahili: Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Hapa fungu, kasma na bakaa yakawa maneno ya programu, yakitekelezwa na kompyuta yenye kiini kinachofanya kazi ileile kwa tabaka la chini zaidi. Sidhani kuna mahali pengine ambapo istilahi tunazozitafuta zilikaribiana kiasi hicho na mashine iliyozihitaji. Waliojenga upande mmoja na waliounda istilahi upande wa pili hawakuwa na sababu ya kukutana.

6. Vima vinne

Jaribio la hoja yoyote ya istilahi ni kazi mahususi. Katika toleo la pili la makundi ya udhibiti, kumbukumbu ya kundi husimamiwa kwa namba nne, ambazo msimamizi huziandika katika faili nne. Ya kwanza ni kiasi ambacho kundi limehakikishiwa: kiini hakikigusi hata mashine ikibanwa vipi. Mfanyakazi yeyote wa Tanzania anaijua dhana hii kwa jina la kima cha chini, kutokana na mshahara, naye anajua kwamba kima cha chini ni haki, hakimzuii kupata zaidi. Ya nne ni kiasi ambacho kundi halitakivuka; kiini hujaribu kwanza kurejesha kumbukumbu ya kundi lenyewe, na kikishindwa huua mchakato ndani ya kundi hilo. Huo ni ukomo.

Ya tatu iko chini kidogo ya ukomo. Kundi likiifikia haliuawi. Hupunguzwa kasi na kulazimishwa kurudisha kumbukumbu, likivuta miguu hadi litakaposhuka. Lugha ya Hazina ina usemi wake: kubana matumizi. Kiwango cha kubana kinaeleza kitendo na sababu yake kwa maneno ambayo diwani wa Gehandu ameyasikia katika kikao cha halmashauri, na mwanafunzi anaweza kuyaeleza nyumbani kwa Kiiraqw au Kidatoga bila kuanzia kwenye Kiingereza. Kwa nini mashine iwe polepole bila kuvunjika kitu? Imefika kiwango cha kubana.

Ya pili ndiyo inayosumbua. Ni kiasi ambacho kiini hujitahidi kukilinda bila kukihakikisha: hakichukui humo maadamu kuna pengine pa kuchukua, lakini pakikosekana huchukua. Akiba inakaribia, ila akiba huwekwa na mwenyewe, na hapa anayelinda ni yule yule anayeweza kunyang'anya. Kinga inaahidi zaidi ya inavyotoa. Hifadhi imekwisha kutumika kwa kutunza faili. Wakulima na wafugaji wa nyanda hizi wanazo desturi za sehemu ya malisho au ya nafaka isiyoguswa ila kwa shida kubwa, na Kiiraqw na Kidatoga bila shaka vina namna ya kulitaja jambo hilo. Mtafiti wa istilahi atakayekwenda kuuliza huko akiwa na swali hili moja mkononi, badala ya orodha ya maneno ya skrini, huenda akarudi na neno la faili ya pili.